“Merry Christmas”, “Happy Christmas” au “Happy Holidays”? Asili ya salamu za sikukuu za Kiingereza na namna ya kuchagua

Ifikapo Desemba, mtu anayezungumza Kiswahili nyumbani na kuandika Kiingereza kazini hutakiwa kuchagua maneno ya kumwandikia mteja aliyeko London, mfadhili aliyeko Washington, mwalimu wake wa zamani aliyeko Nairobi na shangazi yake anayeishi Minneapolis. Kwa Kiswahili kazi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa “Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya” humfaa kila anayesherehekea, na “Sikukuu njema” haimkwazi hata asiyesherehekea. Kwa Kiingereza zipo salamu tano au sita zinazokaribiana kwa maana, lakini kila moja imepita njia yake, na wenyewe wanaozitumia huzisikia tofauti.

Ulinganisho huu unaanzia kwenye asili, kwa sababu ugomvi mwingi unaozizunguka salamu hizi hutokana na watu kuamini asili ambayo haikuwapo. Wapo wanaodhani kwamba “Xmas” ni njama ya kumwondoa Kristo katika sikukuu yake, wapo wanaodhani kwamba “Happy Holidays” ilibuniwa majuzi na wafanyabiashara, na wapo waliofundishwa kwamba “Merry” ni neno la walevi. Hakuna hata moja kati ya dhana hizo inayosimama mbele ya historia. Zikishaondoka, kigezo kinachobaki ni yule anayeandikiwa: anasherehekea nini, yuko nchi gani, na mnafahamiana kwa kiasi gani.

“Merry” na “Happy”

“Merry Christmas” ni salamu ya kale kuliko desturi nyingi tunazozihusisha na Krismasi ya Waingereza. Mfano wake wa mapema unaojulikana sana umo katika barua ya tarehe 22 Desemba 1534, iliyoandikwa na John Fisher, Askofu wa Rochester, akiwa mfungwa katika Mnara wa London. Fisher alikuwa amekataa kula kiapo kilichotakiwa na Mfalme Henry VIII baada ya mfalme huyo kuachana na mkewe Catherine na kujitenga na Roma, na barua yake ilikwenda kwa Thomas Cromwell, mshauri mkuu wa mfalme. Ndani yake askofu huyo mzee anaeleza kwamba hana shati wala shuka, kwamba nguo alizobaki nazo zimechakaa kiasi cha kumtia aibu, na kwamba chakula anachopata mara nyingi ni haba. Anaomba pia vitabu vya kumsaidia katika ibada na padri wa kumwungamisha. Kisha anamwombea Cromwell kwa Mungu “a merry Christmas”. Miezi sita baadaye, tarehe 22 Juni 1535, Fisher alikatwa kichwa.

Nimekaa kwenye barua hii kwa sababu inalijibu moja kwa moja lile suala la ulevi. Mzee aliye kifungoni, asiye na shati wala chakula cha kutosha, hakuwa akimtakia mtu karamu ya mvinyo. Katika Kiingereza cha wakati ule “merry” lilikuwa neno la mambo yanayopendeza na kuuridhisha moyo, na Fisher mwenyewe alilifuatisha na neno la faraja. Maana ya kuchangamka kwa kinywaji ipo pia, na hata leo Mwingereza akisema kwamba fulani ni “merry” anaweza kumaanisha kuwa amelewa kidogo. Lakini maana hiyo haikuwa chimbuko la salamu, na ndani ya “Merry Christmas” leo hakuna anayeisikia.

Salamu hiyo ilipata nguvu mpya mwaka 1843. Mwezi Desemba wa mwaka huo Charles Dickens alitoa hadithi yake ya *A Christmas Carol*, ambamo salamu hii inatoka mara nyingi katika vinywa vya watu wenye furaha na kukataliwa na bahili mmoja. Mwaka huohuo Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyeshiriki katika kuanzishwa kwa posta ya peni moja ya mwaka 1840, alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi ya kuwatumia marafiki badala ya kumwandikia kila mmoja barua kwa mkono. Kadi hiyo ina picha ya familia ya vizazi vitatu iliyoketi mezani na kuinua bilauri, huku pembeni upande mmoja maskini wakilishwa na upande mwingine wakivikwa nguo. Juu kuna nafasi ya kuandika jina la anayetumiwa, chini nafasi ya jina la mtumaji, na katikati maneno yanayomtakia msomaji “A Merry Christmas and a Happy New Year”. Iliuzwa shilingi moja, yaani gharama ya kutuma barua kumi na mbili kwa posta ya wakati huo, kwa hiyo haikuwa kitu cha mtu wa kawaida. Baadhi ya watu waliipinga kwa kuwa mtoto mdogo anaonekana akinyweshwa mvinyo. Mpangilio wa maneno yake, hata hivyo, ndio tunaoukuta kwenye kadi mpaka leo: “Merry” kwa Krismasi na “Happy” kwa mwaka mpya, labda pia kwa sababu kurudia neno moja mara mbili kungechosha sikio.

“Happy Christmas” nayo si changa. Shairi maarufu la Kimarekani kuhusu ujio wa Mtakatifu Nicholas, lililochapwa kwa mara ya kwanza katika gazeti la mji wa Troy, jimbo la New York, tarehe 23 Desemba 1823, linamalizikia kwa “Happy Christmas”. Ni machapisho ya baadaye ambayo mengi yaliigeuza kuwa “Merry”. Nchini Uingereza salamu hii ilipata heshima ya pekee kupitia redio. Mfalme George V alipotoa hotuba ya kwanza ya Krismasi ya kifalme mwaka 1932, alimalizia kwa kuwatakia wasikilizaji wake wote “a happy Christmas”, na binti wa mwanawe, Malkia Elizabeth II, akaendelea kulipendelea neno hilo katika hotuba zake alizozitoa kuanzia mwaka 1952. Ndiyo maana Waingereza na Waairishi wengi huliona “Happy” kuwa tulivu na la adabu zaidi, na “Merry” kuwa la kuchangamka.

Basi kati ya hizi mbili uchague ipi? Kwa Mmarekani au Mkanada anayesherehekea Krismasi, andika “Merry Christmas”, kwa kuwa “Happy Christmas” itamfanya ajiulize kama umekulia Uingereza. Kwa Mwingereza au Mwairishi zote mbili zinafaa. Mimi ningetumia “Happy” kwa mzee, kiongozi wa dini au mtu ambaye hatujazoeana, na “Merry” kwa rafiki. Kwa Mkenya, Mtanzania au Mganda, “Merry Christmas” ndiyo iliyozoeleka katika kadi za madukani na mabango, na sioni sababu ya kuikwepa. Na kama aliyeandikiwa yuko Bujumbura, Kigali au Bukavu na amesoma kwa Kifaransa, salamu ya Kiingereza haina kazi hapo: huko watu hutakiana Noeli njema au “Joyeux Noël”, na ujumbe wako utapokewa vizuri zaidi kwa mojawapo ya hizo.

“Merry Christmas” na “Happy Holidays”

Huu ndio uchaguzi unaowatia watu wasiwasi kuliko mwingine wowote, hasa wanaofanya kazi na Wamarekani, na ndio unaohitaji historia zaidi.

Neno “holiday” lenyewe linatokana na maneno mawili ya Kiingereza cha kale yenye maana ya siku takatifu. Katika karne ya 19 magazeti na maduka ya Marekani yalikwisha zoea kutumia “the holidays” kwa kipindi kinachoanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya, na kumtakia mtu sikukuu njema kwa wingi kulikuwa njia fupi ya kutaja zote mbili kwa pamoja. Hakukuwa na nia ya kumficha Kristo. Mwaka 1942 mtunzi Irving Berlin, Myahudi aliyezaliwa katika milki ya Urusi na kuhamia New York akiwa mtoto, aliingiza wimbo wa “Happy Holiday” katika filamu ileile iliyotuletea “White Christmas”, na Bing Crosby akaziimba zote mbili. Anayedai kwamba salamu hii ilizaliwa kwenye ofisi za makampuni katika miaka ya 1990 amechelewa zaidi ya nusu karne.

Ni vyema pia kujua kwamba upinzani mkali zaidi dhidi ya Krismasi katika nchi zinazozungumza Kiingereza ulitoka kwa Wakristo wenyewe. Wapuritani, ambao hawakuona amri ya sikukuu hiyo katika Biblia na waliochukizwa na ulevi na kamari za msimu huo, waliifuta nchini Uingereza kwa uamuzi wa Bunge wa mwaka 1647. Koloni la Massachusetts likapitisha sheria mwaka 1659 ya kumtoza faini ya shilingi tano yeyote atakayeonekana akiiadhimisha kwa kuacha kazi au kwa karamu, na sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1681. Krismasi ikaja kuwa siku ya mapumziko ya serikali ya shirikisho ya Marekani mwaka 1870 tu. Kwa hiyo picha ya taifa ambalo tangu mwanzo lilisalimiana “Merry Christmas” hadi salamu nyingine ilipoingilia kati si ya kweli.

Kilichobadilika katika karne ya 20 ni nani anayehesabiwa kuwa msomaji wa kadi. Wayahudi wa Marekani husherehekea Hanukkah, ambayo hufuata kalenda yao na huhama: mwaka 2013 ilianza mwishoni mwa Novemba, na mwaka 2024 usiku wake wa kwanza uliangukia tarehe 25 Desemba. Anayemwandikia Myahudi “Happy Hanukkah” wakati wa Krismasi bila kuangalia kalenda anaweza kuwa amechelewa wiki tatu. Waislamu nao huona Idi ikizunguka mwaka mzima. Mwishoni mwa mwaka 2000, kwa mfano, Idi el-Fitri iliangukia siku chache tu baada ya Krismasi.

Na ipo Kwanzaa, ambayo inatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kwa karibu. Ilianzishwa mwaka 1966 huko California na Maulana Karenga, ambaye alichukua jina lake kutoka katika maneno “matunda ya kwanza”, nayo huadhimishwa na Wamarekani Weusi kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari kwa kuwasha mishumaa saba kwenye kinara. Salamu yake ni “Habari gani?”, na hapa msemaji wa Kiswahili anayealikwa kwa mara ya kwanza anahitaji kuelekezwa, kwa sababu jibu lake si “nzuri” wala “salama”. Jibu ni jina la msingi wa siku hiyo: siku ya kwanza unajibu Umoja, ya pili Kujichagulia, kisha Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, na siku ya saba Imani. Kwa Kiingereza unaweza kumwandikia mwenyeji wako “Happy Kwanzaa” na ukaeleweka, lakini kujibu salamu yake kama inavyotakiwa ni heshima kubwa zaidi, na sisi ndio tusio na kisingizio cha kushindwa kutamka.

Mtu aliye na orodha ya watu mia mbili wa namna hizi zote, na asiyejua nani anaadhimisha nini, anaandika “Happy Holidays”, na anafanya vyema. Hata Ikulu ya Marekani imepita njia hiyo: kadi ya Rais Eisenhower ya mwaka 1953 ilibeba salamu za msimu bila kuitaja Krismasi, na kadi ya Rais George W. Bush ya mwaka 2005, iliyotumia maneno ya msimu wa sikukuu, ililalamikiwa na baadhi ya Wakristo ingawa yeye mwenyewe hajawahi kuficha Ukristo wake. Malalamiko hayo yanaonyesha kwamba salamu hii sasa imeingizwa katika siasa, na mwandishi anapaswa kulijua hilo bila kuliogopa.

Maoni yangu ni kwamba “Happy Holidays” ni salamu ya kundi na ya mtu usiyemjua. Ukijua kwamba mwenzako ni Mkristo anayefunga mwaka kwa misa ya usiku, kumwandikia sikukuu kwa ujumla ni kujiweka mbali naye bila sababu. Mtajie Krismasi yake. Ukijua kwamba ni Myahudi au Mwislamu, salamu ya jumla inafaa, na salamu ya sikukuu yake kwa wakati wake inafaa zaidi. Jambo moja zaidi la kuzingatia ni mahali. Nchini Uingereza “holiday” kwa kawaida ni likizo ya kusafiri au kupumzika, hivyo “Happy Holidays” huwafikia wengi wao kama salamu ya Kimarekani, na wengine husikia kana kwamba wanatakiwa safari njema ya ufukweni. Kwa Mwingereza usiyejua dini yake, salamu za aya zinazofuata zinakaa vizuri zaidi.

“Season’s Greetings” na “Compliments of the Season”

Hizi mbili ni ndugu, na zote ni za maandishi kuliko za mdomo. Ukimwambia mtu “Season’s Greetings” mkikutana kwenye lifti atakushangaa. “Compliments of the Season” ndiyo kongwe, kwani Waingereza waliitumia katika barua tangu karne ya 18, na ilikuwa namna ya adabu ya kumaliza barua ya Desemba au ya Januari. “Season’s Greetings” ilishamiri kwenye kadi za mwisho wa karne ya 19, wakati uchapaji wa rangi ulipofanya kadi kuwa rahisi na wachapaji wakahitaji maneno mafupi yanayofaa kwa yeyote.

Leo tofauti yao ni ya kijiografia. Huko Uingereza na Marekani “Compliments of the Season” inasikika kama barua ya babu, wakati Nigeria, Afrika Kusini na hata katika ofisi za Afrika Mashariki bado ni salamu hai, hasa kwenye barua zenye nembo na muhuri. Kwa barua ya taasisi kwenda taasisi ndani ya Afrika ningeichagua bila kusita. Kwa kadi ya kampuni inayokwenda nje, “Season’s Greetings” ni salama, ingawa ni baridi, na ni vizuri kuipa uhai kwa mstari mmoja wa mkono unaomtaja mtu kwa jina na kumshukuru kwa jambo mahususi mlilolifanya pamoja. Angalia pia ritifaa yake, yaani alama ya (’): hutangulia herufi ya s ya mwisho, kwa kuwa msimu ni mmoja. Kosa la kuiweka baada ya s huonekana mara nyingi kwenye kalenda za ukutani na mabango, na likishachapwa halifutiki.

“Xmas”

Herufi X hapa si alama ya kufuta. Ni herufi ya Kigiriki iitwayo chi, ya kwanza katika jina la Kristo kwa Kigiriki, na waandishi wa Kikristo waliitumia kama kifupisho kwa karne nyingi. Msomaji anayeingia kanisa Katoliki ameiona mara nyingi bila kuihusisha na salamu hii: ni ile X iliyopandana na P kwenye vitambaa vya altare na mavazi ya padri, ambazo kwa Kigiriki ni herufi mbili za mwanzo za jina hilohilo. Waandishi wa Kiingereza cha kale walikwisha andika jina la sikukuu kwa kifupisho cha namna hiyo yapata miaka 900 iliyopita.

Pamoja na asili hiyo njema, sikushauri kuitumia katika salamu unayomwandikia mtu. Kwanza, wapo watakaoudhika kwa dhati, na kadi ya heri si mahali pa kumfundisha mtu Kigiriki. Pili, ni kifupisho, na vifupisho ni vya matangazo ya dukani, ratiba za zamu na ujumbe wa simu kati ya vijana. Kwa mchungaji, mkwe au mkuu wa shule, andika neno zima.

“Happy New Year”

Salamu hii haina mpinzani, lakini ina historia ya kushangaza. Nchini Uingereza mwaka wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi hadi mabadiliko ya kalenda yalipoufanya mwaka 1752 uanze tarehe 1 Januari. Hata hivyo wananchi walikuwa wameiita tarehe 1 Januari siku ya mwaka mpya na kupeana zawadi siku hiyo tangu zamani, bila kuingoja sheria. Uskoti ilihamia Januari mapema zaidi, mwaka 1600. Tena huko Uskoti Krismasi ilipigwa marufuku mwaka 1640, na hata marufuku ilipokwisha kanisa la nchi halikuipa uzito, hadi ikawa siku ya mapumziko rasmi mwaka 1958. Furaha yote ya msimu ilihamia kwenye mkesha wa mwaka mpya, unaoitwa Hogmanay, na Waskoti hupumzika tarehe 1 na 2 Januari. Kwa rafiki Mskoti, basi, salamu ya mwaka mpya isiwe kiambatisho cha mwisho wa sentensi. Mwandikie salamu hiyo peke yake, siku yenyewe.

Kwa mtu ambaye hujui dini yake, nchi yake wala msimamo wake kuhusu salamu nyingine zote zilizotangulia, “Happy New Year” ndiyo chaguo langu la kwanza, mbele ya “Happy Holidays”, kwa kuwa inamfaa Mkristo, Mwislamu, Mhindu na asiye na dini, na inaeleweka sawasawa London, Chicago na Muscat. Faida nyingine ni muda. “Merry Christmas” hupoteza maana tarehe 26 Desemba inapokwisha, isipokuwa kwa Waorthodoksi kama wale wa Ethiopia, ambao Krismasi yao ni tarehe 7 Januari na ambao watafurahi kuona umekumbuka. Lakini “Happy New Year” inaweza kuandikwa kuanzia siku za mwisho za Desemba hadi katikati ya Januari bila kuonekana imechelewa. Ukiiandika ndani ya sentensi, iandike kwa umoja, “a happy new year”, kwa kuwa “Happy New Years” inayosambaa kwenye simu ni kosa hata kwa Wamarekani wanaolifanya.